Ardhi Iliyo Chini ya Nyumba ya Mama

Nilipanda mlimani, kijijini kwetu Myamba, kumuuguza mama kwa muda mfupi tu. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana kwenye simu, mimi na kaka yangu na dada zetu walioolewa Dar. Mama alikuwa ameteleza kwenye njia ya kutoka ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba lililoko juu ya nyumba yetu, akavunjika nyonga. "Wewe huna mume wala mtoto wa shule," alisema kaka, na hakusema kwa ubaya. Wakati huo nilikuwa na mgahawa wangu pale Same, karibu na stendi. Nilimwachia mwenzangu wa kazi ufunguo, nikamwambia asibadilishe bei ya supu. Alibadilisha. Baadaye akafuta na jina langu lililoandikwa ukutani, akaandika la kwake.

Nyonga ya mama haikuunga vizuri. Aliweza kukaa mlangoni akitazama njia, lakini hakuweza kwenda msalani bila kushikwa. Nikawa siwezi kutoka kwa muda unaozidi ule wa sufuria ya makande kuchemka. Kanisani nilikwenda kwa zamu na jirani. Sokoni nilikwenda mbio na kurudi mbio. Jioni nilikaa nje, nikitazama taa za magari kule chini tambarare, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi. Kila gari lilikuwa na mtu anayekwenda mahali.

Nyumba ile aliijenga baba kwa matofali ya kuchoma. Watu walituonea wivu kwa eneo lake, maana kipande kile kilikuwa tambarare katika upande wa mlima usio na tambarare. Chini yake kulikuwa na shamba la tangawizi, kando migomba, na nyuma ya jiko mparachichi mkubwa. Baba alizoea kusema kwamba Mungu alikisawazisha kipande kile kwa ajili yake.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wageni wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti zenye vumbi na nyundo kiunoni. Wa pili alikuwa dereva wake. Walitumwa na serikali kuchora ramani ya miamba ya milima yetu, na walihitaji mahali pa kulala. Vyumba vya kaka vilikuwa vitupu.

"Shikamoo mama," alisema yule mwanamke.

"Marahaba mwanangu. Mnatafuta dhahabu?"

"Tukiikuta tutaiandika. Lakini tumetumwa kuandika kila kitu, mama. Hata udongo."

"Na serikali inakulipa kwa ajili ya udongo?"

"Inanilipa."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Walikaa kwetu msimu mzima wa kiangazi. Nilipika kama nilivyokuwa napika Same, na jioni mtaalamu yule alikula na sisi, akieleza alichokiona mchana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusomea mawe. Siku moja nilimuuliza wazi: ramani yake itamlisha nani?

"Kila anayejenga, anayechimba kisima au kupitisha barabara atalipia kujua kilichoko chini," alisema. "Wachache wanalipia kabla. Wengi wanalipia baada. Kila mtu akijitafutia peke yake ni gharama kubwa, na akishajua anawaficha wenzake. Serikali ikichora mara moja, tunasoma wote."

Akanipa mfano wa kisima kimoja kule tambarare, upande wa Hedaru. Waliochanga fedha walikuwa wafugaji. Waliuza ng'ombe, wakaita mashine, wakachimba mahali palipokuwa karibu na boma. Yakatoka maji ya chumvi ambayo ng'ombe waliobaki waliyanusa wakageuza vichwa. Maji matamu yalikuwepo, alisema, ng'ambo ya korongo, kwenye mwamba wa aina nyingine. "Hakuna aliyewadanganya. Hakukuwa tu na karatasi ya kuwaambia."

Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji wa mbali. Wakati ule nilikuwa na furaha yangu ya siri. Kaka alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba na shamba: nesi kijana wa zahanati yetu na mume wake, mfanyabiashara wa tangawizi. Mama mwenyewe alikuwa amekubali, baada ya kusita sana, kwamba tuhamie Same, vyumba viwili karibu na hospitali. Mimi ningerudi stendi. Hata kama mgahawa ule sikuupata tena, ningeanza na meza moja na jiko la mkaa. Nilikuwa nimeanza kukunja nguo zetu zisizovaliwa na kuziweka kwenye mabegi.

Siku moja, mtaalamu akinisaidia kuosha vyombo, aliutazama mparachichi.

"Huu umeinama tangu lini?"

Nilimwambia siku zote uko hivyo. Kisha nikakumbuka picha ya baba amesimama chini yake, na mti umenyooka. Akauliza habari ya mlango wa jiko. Nikamwambia kila mvua inapoisha tunamwita fundi aurande, maana unagoma kufunga. Akapanda shambani juu ya nyumba, akarudi kunichukua. Kwenye majani kulikuwa na ufa mrefu, umepinda. Nilikuwa nimeuruka mara nyingi nikienda kukata majani ya ng'ombe, nikidhani ni mfereji wa zamani.

Kesho yake jirani alikaa na mama, nikaenda na mtaalamu ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa mlima ulipo kanisa. Kule ni mawe matupu, na walioishi huko tuliwahurumia kwa sababu tangawizi haioti. Aligonga mwamba kwa nyundo, ukalia kama kengele iliyofunikwa. Akaniambia nigeuke nitazame kwetu.

Nilikulia upande ule wa mlima, lakini sikuwahi kuutazama nikiwa ng'ambo na mtu wa kunielekeza. Juu palikuwa na umbo la nusu duara, kama ugali uliochotwa kwa mwiko. Chini yake udongo ulivimba na kushuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni. Nyumba yetu ilikaa kwenye ngazi ya kwanza. Ile tambarare ya baba ilikuwa kipande cha mlima kilichoshuka zamani kikasimama njiani.

"Kitashuka tena?" niliuliza.

"Kinaweza kukaa miaka mingi. Kinaweza kisikae. Maji ya ndiva yanavuja na kuingia humo humo. Sitakudanganya kwamba najua siku."

Niliporudi, mama aliniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona nyumbani.

Jioni hiyo nilimpigia kaka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ramani imeshatoka?" aliuliza.

"Bado."

"Basi hakuna unachokijua. Kaa kimya mpaka wasaini."

"Yule nesi ni mjamzito, kaka."

"Na wewe una mama."

Alikata simu. Nilikaa na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza nikahisi nyumba ile imenizunguka pande zote. Nikisema, sitoki. Nisiposema, natoka, na watu wengine wanaingia mahali pangu. Nilijipa kila sababu. Baba aliishi pale hadi kufa. Jirani zetu wako pale. Mtaalamu mwenyewe hajui siku. Siku kadhaa nilipika bila kuonja, na mama akalalamika kwamba chumvi imezidi.

Nesi alikuja na mumewe kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Alikuwa mchangamfu, anamsifia mama kwa kila kitu, hata kigoda. Alipima dirisha la sebuleni. Alipokuwa anakwenda kwenye la chumbani nikamshika mkono, nikamtoa nje pamoja na mumewe, nikawaonyesha ufa na mti na mlango, nikawaambia maneno ya mtaalamu kama nilivyoyasikia. Mume alianza kuuliza maswali mengi. Nesi aliinama akautazama ufa, kisha akanitazama mimi.

"Na ninyi je, dada?"

Niliwasindikiza hadi njiani. Wakaondoka taratibu, mume amembebea mkoba.

Kaka aliacha kunipigia. Kwenye kundi letu la wasapu dada zangu waliandika "Mungu atafungua mlango mwingine," kisha wakaendelea na mambo ya harusi ya binamu yetu. Mama, nilipomweleza kwamba mauzo yamevunjika, aligeuka kutazama njia. "Basi Mungu hataki nitoke," alisema. Toka siku hiyo hakutaka kusikia neno kuhama. Nilizifungua zile nguo kwenye mabegi, nikazirudisha kabatini.

Baadaye mtaalamu alirudi na ramani yenyewe, akiwa na mhandisi wa halmashauri kutoka Same. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Waliitundika ukutani, na watu wakasogea kutafuta mashamba yao. Mgongo wa kanisa ulipakwa waridi, rangi ya mwamba mgumu. Upande wetu wote ulikuwa wa manjano. Mtaalamu alieleza kwamba manjano ni udongo uliowahi kushuka, kwamba ndiva ifunguliwe maji yatoke wakati wa masika, na kwamba mvua ikizidi au maji ya chemchemi yakigeuka rangi, watu wa manjano wakimbilie kwenye waridi na si mtoni. Kisha akaonyesha barabara yetu. Ile kona inayokatika kila mwaka na kutengenezwa kila mwaka ilikuwa ndani ya manjano. Alipitisha kidole kwenye mgongo wa mwamba: hapa ndipo ingepita, na mawe ya kuijengea yako hapo hapo.

Mhandisi alikubali kwa kichwa, akasema bajeti ya mwaka huo ilikuwa imeshapita.

Jirani yetu wa kushoto, mzee mwenye shamba kubwa la tangawizi, alisimama. "Jana nilikuwa na ardhi," alisema. "Leo nina rangi. Nani ataninunulia rangi?"

Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Si huyu ndiye aliyewapikia?" Tangu siku hiyo salamu zilipungua. Jirani niliyezoea kupokezana naye kukaa na mama alianza kuwa na shughuli. Kanisani nikawa siendi tena.

Masika ya mwaka uliofuata yalianza mapema na hayakupumzika. Kona ile ilikatika. Fuso lililokuwa limepakia tangawizi lilibaki upande wetu, na tulisikia lingine limekwama upande wa pili. Magunia yalirundikwa chini ya turubai, tangawizi ikaanza kuchipua, kisha kuota ukungu. Bei yake Same ilikuwa nzuri, na habari hiyo ndiyo iliyowaumiza watu zaidi. Vijana walipita na majembe kwenda kuzibua njia, wakarudi wameloa. Dukani chumvi iliisha, kisha sabuni, kisha dawa ya mama ya maumivu. Kijiji kizima kikawa kama mimi: kinatazama taa za barabara kuu na hakiwezi kwenda.

Asubuhi moja niliingia jikoni kuchemsha uji, nikausukuma mlango nyuma yangu kuzuia mvua. Nilipotaka kutoka haukufunguka. Niliuvuta, nikaupiga teke, nikauvuta tena. Fremu ilikuwa imejipinda ikaubana juu na chini. Nikasikia mlio ukutani, mdogo, kama mtu anayevunja kuni kavu. Mama aliniita kutoka nyumba kubwa, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha akaanza kupiga kelele. Nilichukua mchi, nikavunja mbao za dirisha, nikapenya nikichanika mkono. Nilipoanguka nje niliona maji ya chemchemi iliyo kando ya migomba yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilimkuta mama ameshuka kitandani mwenyewe, ameketi sakafuni. Sikuweza kumbeba. Nilijaribu, tukaanguka wote wawili. Nikamfunika blanketi, nikakimbia kwa yule mzee wa rangi, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nilidhani atanifukuza.

"Maji yamegeuka?" aliuliza kabla sijamaliza.

"Yamegeuka."

Alimwambia mkewe atoe watu na mifugo, na apitishe habari nyumba hadi nyumba. Yeye na wanawe wakubwa wakaja kwetu na machela ya miti na mashuka.

Mama alishika mguu wa kitanda. "Mimi siuzwi wala sihamishwi."

Mzee alivua kofia, akachuchumaa mbele yake akiwa analowesha sakafu. "Mama, shikamoo. Nimekuja kukubeba. Ukikataa, nakaa hapa na wewe, na hawa wanangu wanakaa. Sina haraka."

Mama aliwatazama wale vijana mmoja mmoja. Mmoja wao alibatizwa akiwa amebebwa na yeye. Akaachia mguu wa kitanda.

Walimbeba kwa kupokezana hadi ng'ambo. Njia ilikuwa imejaa watu wa manjano wakipanda kuelekea waridi, wana magodoro vichwani, mbuzi na watoto wakifuata. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Hata waliokuwa wamekasirika mkutanoni walijua mahali pa kukimbilia. Nesi alikuwa mlangoni mwa kanisa, mtoto mgongoni, akiwapanga wagonjwa kwenye mabenchi.

Mchana ule, kabla hata ya saa ya watoto kutoka shule, tulisikia mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe, ila haukuisha. Upande wetu wa mlima ulijikunja. Mparachichi ulitembea ukiwa wima, kisha ukalala. Jiko lilikwenda, choo kilikwenda, shamba la tangawizi lote lilikwenda hadi mtoni. Nyumba ya baba ilipasuka katikati. Nusu ilishuka, nusu ikabaki, na dirisha la sebuleni likaonekana likiwa na pazia letu la zamani. Ng'ombe wetu alikufa, na nyumba kadhaa za jirani hazikuonekana tena. Mtu hakufa hata mmoja.

Mama alitazama kutoka kwenye machela. Hakulia. "Baba yenu angeniuliza nimeitunzaje," alisema.

Niliketi kwenye mwamba na mkono wangu uliofungwa kitambaa, nikisubiri kujisikia kwamba nimefunguliwa. Sikujisikia hivyo. Nilihisi baridi, na nilikuwa nafikiria mama atalala wapi na nani atamshika kwenda msalani.

Barabara ilijengwa kwenye mgongo wa mwamba, baada ya kelele nyingi na diwani kuitwa mara nyingi. Mawe yalivunjwa hapo hapo palipoonyeshwa kwenye ramani, hayakupandishwa kwa lori kutoka tambarare. Nilimkuta mhandisi Same nilipokwenda kufuatilia kiwanja tulichopewa na kijiji. Ramani ilikuwa ukutani nyuma yake.

"Ile kona," aliniambia, "tumezika fedha humo kila mwaka tangu nikiwa sijaajiriwa. Tulikuwa tunatengeneza barabara juu ya kitu kinachotembea. Ramani hii imelipwa mara moja tu, na watu wengi walioilipia kwa kodi zao hawajui Myamba iko wapi."

Sasa tangawizi inashuka hata masika yakiwa yamepamba moto, na wanunuzi wanapanda wenyewe. Wale tuliowahurumia kwa kuishi kwenye mawe ndio wenye viwanja vinavyotafutwa. Mmoja wao amejenga nyumba ya wageni. Ndiva imehamishwa. Ardhi yetu ya manjano hairuhusiwi kujengwa, inaota majani, na yule mzee analisha ng'ombe wake humo. Kaka alituma mabati na fundi, tukapata vyumba viwili karibu na shule. Alikuja siku ya kuezeka. Alisimama muda mrefu akiitazama ile nusu ya nyumba iliyobaki, kisha akanisaidia kubeba maji. Habari ya nesi hatukuizungumza.

Siku nyingine watu huniambia, "Ulituokoa." Huwa nawaambia kwamba aliyewaokoa alilipwa mshahara na serikali, mimi nilipika tu. Lakini kuna jambo siwaambii. Zamani nilikuwa na sababu ya kueleza kwa nini sipo Same: barabara imekatika, nyumba haijauzwa, mvua. Sababu zile zote zimekwisha, nami bado nipo huku.

Juzi nilishuka kuchukua dawa za mama. Nilipita stendi. Mwenzangu alinikumbatia, akanikalisha kwenye meza ya mbele, akaniletea supu na chapati. Aliniambia biashara imekua, mguu wake unamsumbua, anatafuta mtu wa kushirikiana naye. "Rudi," alisema. "Hata wiki ijayo." Nilitazama mabasi yakiingia na vijana wa bodaboda wakikimbilia abiria. Nikamwambia nitafikiria. Nikanunua sabuni, nyanya na dawa, nikapanda gari la mchana.

Dereva hakupunguza mwendo mahali popote. Nilifika jua likiwa bado juu. Mama alikuwa mlangoni, fimbo mapajani.

"Umechelewa," alisema.

"Sijachelewa, mama. Barabara ni nzuri siku hizi."

"Kama ni nzuri, mbona umechelewa?"

Niliweka mzigo chini, nikamshika kwapani, nikamwinua kwenda ndani.